Daraja Langu la Pili: Miaka Minane na Pengo la Meno Mawili ya Mbele

Jioni moja ya mvua mwezi Mei mwaka 2016, pikipiki niliyopanda kutoka Msamvu kwenda Kihonda, hapa Morogoro, iliteleza kwenye tope, nami nikaangukia uso kwenye ukingo wa mtaro wa zege. Dereva alitoka na michubuko tu. Mimi nilichanika mdomo wa juu na kupoteza meno mawili ya mbele upande wa kushoto: moja liling'oka lote pamoja na mzizi wake, na la pili, lililokuwa kati ya hilo na chonge, lilikatika usawa wa fizi. Ninaandika haya baada ya kupitia meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, daraja la meno la kwanza (meno ya bandia yanayogandishwa juu ya meno ya jirani) lililoharibika, matibabu ya mzizi wa jino, yaani kuusafisha na kuuziba kwa ndani, na daraja la pili ninalotumia sasa, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha na maumivu yaliyonipata ingeepukika kama ningejua mambo machache mapema.

La kwanza linahusu dakika zile zile za ajali. Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga kando ya barabara aliliona jino langu kwenye maji, akaliokota kwa huruma, akalisugua kwa sabuni hadi mzizi ukawa mweupe, kisha akalifunga kwenye karatasi kavu ya chooni na kunitia mkononi. Hakuna aliyejua kwamba hapo ndipo jino lilipokufa. Baadaye daktari alinieleza kwamba jino la mtu mzima lililong'oka zima linaweza kurudishwa mahali pake na likashika, mradi lishikwe kwenye kichwa chake na si kwenye mzizi, lisisuguliwe, likiwa na uchafu lisuuzwe kwa muda mfupi tu, na lirudishwe papo hapo kwenye tundu lake huku majeruhi akiuma kitambaa safi. Ikishindikana, litumbukizwe kwenye maziwa baridi, na mtu awahi kwa daktari wa meno ndani ya saa moja, kwa kuwa utando mwembamba unaouzunguka mzizi hufa upesi ukikauka. Jino la utoto halirudishwi. Mimi nilimfikia daktari baada ya saa mbili na nusu, nikiwa na jino kavu ndani ya karatasi, na siku ile ile akaking'oa na kile kisiki cha jino la pili.

Miezi miwili baadaye nilitengenezewa meno ya kuvaa ya plastiki kwa shilingi 120,000. Yanafanya kazi yake na kwa watu wengi yanatosha, lakini kwangu yaligusa riziki. Ninafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na mada ya sauti za lugha huifundisha kila mwaka kwa kidato cha kwanza. Sauti *th* na *dh* hutamkwa kwa ncha ya ulimi kukutana na meno ya juu ya mbele, na *f* na *v* kwa mdomo wa chini kugusana na meno hayo hayo. Bamba la plastiki lililofunika kaakaa langu lilikuwa nene, na meno yenyewe yalichezacheza, kiasi kwamba *thamani* ilitoka kama *samani* na *fedha* ikatoka na mluzi. Wanafunzi hawakunicheka. Walikuwa wakiinamisha vichwa kwenye madaftari, na hilo liliniumiza zaidi ya kicheko. Nikaanza kuwapa kazi za kuandika badala ya kusoma kwa sauti, na katika vikao vya walimu nikawa mtu wa kutikisa kichwa.

Kwa hali hiyo, mwaka 2018 nilipoambiwa katika kliniki moja kwamba ninaweza kuwekewa "meno ya kudumu" kwa siku mbili tu za kuhudhuria, sikuuliza chochote isipokuwa bei. Ilikuwa shilingi 250,000 kwa kila jino, na daraja langu lilihesabiwa meno manne: mawili yaliyokosekana na mawili ya pembeni yatakayolibeba. Bima yangu ilikataa kulipia kwa maelezo kwamba hayo ni mambo ya urembo. Nilichukua mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nikalipa shilingi milioni moja.

Hapa nieleze daraja la meno ni nini, kwa sababu mimi mwenyewe nililielewa nikiwa tayari nimekaa kwenye kiti. Pengo huzibwa na jino au meno ya bandia yaliyounganishwa na kofia mbili, moja kila upande, na kofia hizo huvikwa na kugandishwa kwa saruji maalumu juu ya meno ya asili ya jirani, yaitwayo meno ya nguzo. Ili kofia ipate nafasi, jino la nguzo hukatwa pande zote kwa kiasi cha milimita moja na nusu hadi mbili, likabaki kisiki chembamba. Tabaka gumu la nje lililokatwa halioti tena. Kwa hiyo anayewekewa daraja anatoa sehemu ya meno mazima ili kuziba nafasi ya meno yaliyokwisha kwenda, na tangu siku hiyo meno hayo yatahitaji kofia maisha yote. Si jambo baya lenyewe, nami nimelikubali mara mbili, lakini ni jambo ambalo mtu anastahili kuambiwa kabla ya sindano ya ganzi.

Mimi sikuambiwa. Nilichomwa ganzi, nikasikia mlio wa mashine na harufu kama ya ukucha unaoungua, na baada ya saa moja na nusu nilipoomba kioo niliona, palipokuwa na jino langu zuri la kulia na chonge yangu, vigingi viwili vya rangi ya manjano vilivyochongoka. Nililia pale pale, na msaidizi wa daktari akanipa pamba akidhani ganzi imeisha. Hawakunipiga eksirei. Hawakuuliza habari ya kidoa cheusi kilichokuwa nyuma ya chonge, ambacho mimi nilikifahamu na niliona haya kukitaja. Wiki tatu baadaye daraja likaja, jeupe kuliko meno yangu mengine, likagandishwa, nikaambiwa nipige mswaki kama kawaida. Ufizi uliolizunguka ulikuwa mwekundu tangu wiki ya kwanza, na kwenye chonge ningeweza kusikia kwa ncha ya ulimi kijiukingo kilichojitokeza, kama pindo la kitambaa lisilolala vizuri. Nilidhani ndivyo madaraja yalivyo. Matamshi yangu yalikuwa yamerudi, na furaha hiyo ilinifanya nisamehe kila kitu kingine.

Kijiukingo kile ndicho kilicholimaliza daraja. Kofia isiyokaa sawasawa na mstari wa jino huacha mahali ambapo masalia ya chakula na bakteria hukaa bila kufikiwa na mswaki, na chini ya kofia jino huoza kwa siri. Kwa watu wengi maumivu huwaonya. Kwangu hayakuja, kwa sababu chonge ilikuwa imekufa kiini chake wakati fulani bila mimi kutambua, na jino lililokufa halihisi baridi wala tamu. Dalili nilizopata zilikuwa nyingine, na nazitaja kwa wale wenye madaraja: harufu isiyoondoka hata baada ya mswaki, ladha ya chumvichumvi nikilinyonya daraja kwa ulimi, na asubuhi moja kijipele kidogo kwenye ufizi juu ya chonge, kilichopasuka na kurudi. Kijipele cha namna hiyo ni mdomo wa usaha unaotoka kwenye mzizi. Nilikisukutua kwa maji ya chumvi kwa muda wa miezi minane.

Mwezi Novemba 2022, nikiwa nakula kipande cha muhogo wa kuchemsha, daraja lilitoka lote na kubaki ndani ya muhogo. Upande wa chonge ulikuwa na kitu laini cha rangi ya kahawia, na harufu yake sitaisahau. Kesho yake nilitakiwa kusimamia mitihani ya kidato cha nne. Nikafanya kosa ambalo hadi leo naona aibu nalo: nilinunua dukani gundi ya kugandisha viatu, nikalirudisha daraja mwenyewe mbele ya kioo. Gundi iliniunguza ufizi, daraja likakaa juu kuliko mahali pake na kila nilipofunga mdomo likagongwa na meno ya chini, na uozo wote ukafungiwa ndani. Wiki tatu baadaye nilikuwa na uvimbe hadi chini ya jicho. Atakayepatwa na jambo kama hili ahifadhi daraja lake kwenye kiboksi kisafi, aende nalo kwa daktari, na akubali kuonekana na pengo siku chache. Mara nyingi daraja lililotoka zima linaweza kusafishwa na kugandishwa tena kama nguzo zake ni nzima. Langu lilibidi likatwe kwa mashine vipande viwili ili litolewe.

Mkuu wangu wa shule, ambaye ni mtu mzima mwenye busara, ndiye aliyenishauri nisirudi nilikotoka bali nimwone daktari bingwa wa meno jijini Dar es Salaam. Jambo la kwanza nililolishuhudia kwa daktari huyo ni kwamba ziara nzima ya kwanza hakugusa mashine ya kukata. Aliniuliza kama nina kisukari, kama nasaga meno usingizini, kama navuta sigara, dawa ninazotumia, na ninataka meno haya yanifanyie kazi gani. Alipima kina cha ufizi kuzunguka kila jino kwa kifimbo chembamba chenye alama, akapiga eksirei za nguzo zote mbili, akachukua umbo la taya zote kwa ule unga unaoganda kama uji mzito, na kumwaga plasta ili apate sanamu ya meno yangu.

"Mwalimu," aliniambia, akinionyesha eksirei kwenye kioo cha kompyuta, "kabla hatujazungumzia daraja, tuzungumzie ardhi litakaposimama."

Akanipa njia tatu na bei ya kila moja, na sikuwahi kuelezwa hivyo kabla. Meno ya kuvaa ya chuma, mepesi kuliko ya plastiki, yasiyofunika kaakaa lote. Vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazopandwa ndani ya mfupa kama mizizi, ambazo hazidai kukatwa kwa jino la jirani, lakini kwangu mfupa ulikuwa umesinyaa tangu 2016 kwa kuwa mfupa usio na mzizi hupungua, na ningehitaji kwanza kuongezewa mfupa. Gharama yake ilipita shilingi milioni sita kwa meno mawili. Na daraja, ambalo kwa hali yangu lilikuwa na mantiki zaidi kwa sababu nguzo zilikwisha kukatwa. Nilimuuliza kama mwanzoni kungekuwa na njia ya kuyanusuru meno yale. Akasema kwamba kwa pengo la jino moja la mbele lipo daraja la kubandika, liitwalo daraja la Maryland kutokana na chuo kikuu cha Marekani lilikoendelezwa, ambalo hushikwa kwa bawa jembamba nyuma ya jino la jirani karibu bila kulikata. Kwa mapengo mawili lingekuwa dhaifu. Jibu hilo lilinipa amani ambayo nilikuwa naihitaji.

Chonge ilitibiwa mzizi kwa ziara tatu na kwa shilingi 200,000. Ndiyo yenye mzizi mrefu kuliko meno yote ya kinywani, na ndiyo maana madaktari hupigania kuinusuru. Juu ya ufizi kulikuwa kumebaki milimita mbili za jino gumu kuizunguka yote, kiasi ambacho daktari alisema ndicho cha chini kabisa cha kofia kukumbatia; pungufu ya hapo angeling'oa na daraja lingehitaji kwenda mbali zaidi hadi kwenye magego. Ndani ya mzizi akapachika kijiti cha nyuzinyuzi cha kuishika sehemu ya juu iliyojengwa upya. Kisha akaniambia nisubiri, tuone kwa eksirei kama mfupa ulioliwa na usaha utarudi. Nilisubiri zaidi ya mwaka, nikivaa tena meno ya plastiki na kudunduliza fedha, safari hii bila mkopo.

Daraja lenyewe lilitengenezwa kati ya Julai na Septemba 2024. Nataja tarehe kwa sababu treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa imeanza mwezi Juni mwaka huo, na safari zangu sita za daktari, ambazo kwa basi zilikuwa zikinila siku nzima na ruhusa ya kazi, zikawa za kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kwa mtu wa mkoani, nauli na siku za kazi ni sehemu ya bei ya daraja, na azihesabu tangu mwanzo. Kwa jumla nililipa shilingi 1,400,000 kwa daraja la zirikonia, aina ya kauri ngumu, la meno manne, ukiacha mzizi, eksirei na nauli.

Kilichonifurahisha zaidi ni daraja la muda. La muda la mwaka 2018, nililovaa nikisubiri lile la kudumu, lilikuwa plastiki ya kufichia tu. Hili lilitengenezwa kufuatana na umbo ambalo fundi wa maabara alilichonga kwa nta juu ya sanamu ya plasta, na nikalivaa wiki tano kama jaribio. Daktari alinitaka nisome kwa sauti, na nilipomwambia kazi yangu akaniachia nichague maneno mwenyewe. Nikasema *fedha, thawabu, wadhifa, vifaa, thelathini, fadhila*. Kwenye *vifaa* ncha za meno zilikuwa zinaingia ndani mno kwenye mdomo wa chini na kuibana *v*. Akapunguza urefu kidogo sana, unene wa karatasi kadhaa, nikasema tena. Akapunguza tena upande mmoja. Mara ya tatu neno lilitoka safi, nikalirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na daktari akaniacha niendelee. Vipimo hivyo ndivyo fundi alivyovinakili kwenye daraja la kudumu. Rangi tuliichagua mchana kando ya dirisha, kwa kulinganisha na vipande vya mfano vya rangi za meno, tukaangukia chenye alama A3, kabla meno hayajakauka kwa kuachwa wazi, maana jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo.

Siku ya kuligandisha alilijaribisha kwanza bila saruji, akapitisha uzi pande zote na ncha ya kifimbo kwenye ukingo wa kila kofia. Aliniambia niume karatasi ya rangi ili kuona ni wapi panagusa kwa nguvu. Aliniuliza kama nimeridhika kabla ya kulifunga, na nashauri kila mtu achukue kioo, aombe dakika kumi, na aseme hapo hapo kisichompendeza, kwa kuwa baada ya saruji kuganda mabadiliko huwa ni kwa mashine ya kukata.

Kisha akanifundisha kusafisha, jambo ambalo kliniki ya kwanza haikulitaja. Mswaki haufiki chini ya meno ya bandia yanayokaa juu ya ufizi. Kuna uzi maalumu wenye ncha ngumu kama sindano na katikati yenye sufi. Ncha inapitishwa kati ya nguzo na jino la bandia, inavutwa kutokea nyuma, kisha sufi inasuguliwa huku na huko chini ya daraja lote, halafu uzi unapandishwa kwenye ubavu wa kila nguzo. Usiku wa kwanza nyumbani ulinichukua dakika ishirini, mkono mmoja umeshika taa ya simu, na uzi ulitoka na damu. Nilidhani nimejijeruhi. Siku ya kumi na mbili uzi ulitoka mweupe, na tangu hapo damu ikionekana najua nimezembea siku mbili tatu. Sasa hunichukua dakika tatu. Morogoro sikuzoea kuuona madukani, kwa hiyo hununua paketi kadhaa nikiwa Dar. Unapokwisha hutumia kijibrashi chembamba cha katikati ya meno. Miwa, mahindi ya kuchoma na mifupa huvitafuna kwa magego baada ya kuvikatakata. Kila miezi sita hurudi kwa daktari, na mara moja kwa mwaka chonge hupigwa eksirei. Ameniambia wazi kwamba daraja lililotunzwa hukaa miaka kumi hadi kumi na mitano, na mengine zaidi, na kwamba chonge yangu, kwa yaliyoipata, ndiyo itakayoamua.

Mwaka jana mdogo wangu alikuja kukaa kwangu likizo. Ana pengo la gego la chini aliloling'oa miaka saba iliyopita, na alitaka kufanyiwa daraja mara moja kwa sababu ameona langu. Nilimsindikiza. Daktari alimwonyesha kwenye kioo jinsi gego la juu lilivyoshuka kufuata nafasi iliyo wazi, na gego la nyuma ya pengo lilivyolala kulielekea, hata nafasi ya kuweka jino la kawaida haipo tena bila kwanza kulisimamisha lile lililolala. Kwenye jino la mbele ya pengo kulikuwa na kidoa cheusi. Alikuwa na shilingi 300,000 mkononi, na mimi nilikuwa tayari kumkopesha zilizobaki. Alinitazama, akamtazama daktari, kisha akauliza kuziba kile kidoa ni shilingi ngapi.